Mpeni uji wake

Mama akibainika kuwa na saratani ya ovari, ushauri wa kwanza wa ndugu na majirani huwa wa chakula: aache sukari, aache wali, asiguse embe wala ndizi mbivu, ili kansa ife njaa. Wanasema kwa mapenzi, najua. Ila nimeshuhudia mgonjwa akikondeshwa hivyo, na siwezi kunyamaza.

Imani hiyo ina mzizi wa kweli. Miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aligundua kwamba seli za uvimbe hula glukosi, yaani sukari ya damuni, kwa pupa na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki, hata pale oksijeni ilipo tele. Kipimo cha PET, picha ya mwili inayoonyesha mahali sukari inapoliwa sana, hutegemea uroho huohuo.

Lakini seli ya saratani ya ovari haina chungu kimoja. Ikishatoka kwenye ovari, mara nyingi huhamia kwenye omenta, utando wa mafuta unaoning'inia mbele ya utumbo. Aliyewahi kupasua mbuzi anaujua, ule wavu mweupe wa shahamu. Mwaka 2011 Kristin Nieman, Ernst Lengyel na wenzao wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwa nini. Seli za mafuta hutoa kemikali zinazoivuta saratani. Ikifika, huzifanya zivunje akiba yao na kuiachia asidi za mafuta, nayo inazichoma kupata nguvu ya kuzaliana. Protini iitwayo FABP4 inahusika katika kupitisha mafuta hayo, na kwa panya waliozaliwa bila protini hiyo uvimbe ulishindwa kustawi vile. Hapo ndipo ninapotamani dawa zilenge: kwenye mlango wa mafuta ndani ya seli, wala si kwenye sahani ya mgonjwa.

Maana ukimnyima wanga na chakula kingine chote, ini lake litatengeneza glukosi kwa kubomoa misuli yake mwenyewe. Sukari ya damuni haitaisha, na seli ile bado ina shahamu ya kujilia. Anayepungua ni mama, na mwili uliodhoofika huzihimili dawa za kemo kwa shida, pengine hata daktari akalazimika kuahirisha dozi.

Mwenye kisukari afuate masharti yake, hilo ni jambo jingine. Huyu mwingine, ambaye kichefuchefu kimemkatia hamu ya kila kitu, akiomba uji wa karanga wenye sukari asubuhi ya siku ya dripu, mpikieni.