Fidla ndani ya dhoruba: Panopticon kutoka Kentucky hadi The Rime of Memory

Wanaomfuatilia Austin Lunn wamekuwa wakibishana jambo moja kwa zaidi ya miaka kumi: katika albamu ya blaki metali, yaani muziki wa metali wenye kasi, magitaa makali na mayowe, muziki wa kiasili ukae wapi? Panopticon ni mradi wake wa peke yake huko Marekani. Ngoma, magitaa na besi hupiga mwenyewe, kisha huwaita wageni pale anapohitaji chombo au sauti nyingine. Albamu yake The Rime of Memory, iliyotoka mwishoni mwa 2023, imelijibu swali hilo kwa namna iliyowasuuza roho baadhi ya mashabiki na kuwakata maini wengine. Pande zote mbili zina hoja, ila hazina uzito sawa.

Tuanze na alikotoka. Katika albamu ya Kentucky (2012) mbinu ilikuwa kupishana: wimbo mrefu wa metali, kisha wimbo wa wachimba makaa, kisha metali tena. Mmoja wa nyimbo hizo ni ule wa mgomo uliotungwa na Florence Reece mwaka 1931, wakati wachimbaji wa Harlan County, jimboni Kentucky, walipokuwa wakipambana na makampuni ya makaa. Mwaka 2018, katika The Scars of Man on the Once Nameless Wilderness, alichora mstari katikati: diski ya kwanza ya metali, ya pili ya nyimbo za mashambani za Marekani, na jumla yake inakaribia saa mbili. The Rime of Memory haipishanishi wala haitenganishi. Ina vipande sita kwa takriban dakika 75. Inafunguliwa na kipande cha utulivu chenye jina la Kinorwei, kisha unakuja wimbo wa kama dakika 20 unaoanza polepole na kupanda hadi unapolipuka. Fidla na gitaa la akustika, lile lisilotumia umeme, sasa vimo ndani ya mwili wa metali yenyewe, na mara nyingi havipewi wimbo wao wa kusimama peke yake.

Ugumu wa hatua hiyo unaonekana ukivitazama vyombo vyenyewe. Chukua banjo ya nyuzi tano, chombo ambacho mizizi yake ni vinanda vya Afrika Magharibi vilivyofika Amerika pamoja na Waafrika waliofanywa watumwa. Uzi wake hukaa juu ya ngozi iliyokazwa, na ngozi hula nguvu ya uzi upesi, kwa hiyo noti huchomoza kwa ukali na kufa papo hapo. Gitaa la mkwaruzo, yaani la umeme linalochafuliwa sauti makusudi, ni kinyume chake: mkwaruzo hubana sauti kiasi kwamba mwanzo wa noti na mkia wake vinakaribia kulingana. Kwa kasi ya mapigo 180 kwa dakika, gitaa linalopigwa noti nne kwa kila pigo hutoa noti 12 kwa sekunde, na sikio huzipokea kama ukuta mmoja. Banjo ikipigwa noti mbili kwa pigo hutoa sita kwa sekunde, na hizo husikika kama matone. Matone kwenye ukuta hayaonekani mpaka uyapandishe sauti, na ukiyapandisha yanachoma sikio. Ukiyabana kwa kompresa, kifaa kinachopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, ili yasichome, mkia wa noti unavutwa juu na banjo inaanza kulia kama bati.

Fidla ina shida nyingine. Upinde hudumisha noti, kwa hiyo fidla haifi kama banjo, ila inagombea mahali palepale na gitaa. Uzi wake wa chini kabisa ni G ya takriban hezi 196, katikati ya eneo lililokwisha kujazwa na gitaa. Ukiiacha huko chini, itasikika kama gitaa la tatu lililotyuniwa vibaya. Dawa ya kwanza haimo kwenye mashine bali kwenye upangaji: ipandishe fidla oktavu moja juu ya melodia ya gitaa na uzipige noti zilezile. Hapo sikio halisikii vyombo viwili vinavyoshindana, linasikia gitaa lililopata makali na huzuni. Dawa ya pili ni kupunguza magitaa desibeli mbili au tatu kati ya kilohezi 2 na 4, na kufanya hivyo pale tu fidla inapopiga. Ukipunguza wimbo mzima, magitaa yatakonda bila sababu. Ya tatu husahaulika: mpiga ngoma ahame kutoka matoazi makubwa yanayovuma kwenda hai-hati iliyofungwa, yaani jozi ya matoazi madogo yaliyobanwa pamoja, kwa sababu uvumi wa matoazi hukaa juu kabisa ya fidla na hakuna kitufe kinachoweza kuuondoa bila kuondoa na fidla.

Upande wa noti, kuna bahati ambayo watu wengi hawaitumii. Mtyuno wa kawaida wa banjo, gDGBD, una B ndani yake, nayo huufanya mlio uwe wa furaha hata mpigaji akiwa na huzuni. Wapigaji wa milimani wana mtyuno mwingine, unaopewa jina la kiwanda cha kupasua mbao: B hupandishwa kuwa C, zinabaki g, D, G, C, D. Hapo hakuna furaha wala huzuni iliyoamuliwa. Kodi za nguvu za metali, yaani noti zinazopigwa pamoja kwenye gitaa, ziko hivyohivyo, noti ya msingi na ya tano tu, kwa sababu noti ya tatu ikipita kwenye mkwaruzo mzito huchafuka. Sasa teremsha mtyuno wa gitaa kwa toni nzima moja, kama bendi nyingi nzito zinavyofanya: nyuzi zake tatu nene zinakuwa D, G na C. Ni noti zilezile za banjo ya mlimani. Anayesema muziki wa kiasili wa Appalachia, milima ya mashariki mwa Marekani, na blaki metali vimeunganishwa kwa nguvu angepiga nyuzi hizo wazi, kwenye vyombo vyote viwili, kabla ya kulisema tena.

Kwa hiyo wanaoipenda hatua ya 2023 wana msingi. Kupishanisha nyimbo kulikuwa na kasoro ambayo mashabiki wa Kentucky huipitia haraka: mtu anaweza kuruka. Anayetaka metali anaruka banjo, anayetaka banjo anaruka metali, na albamu inageuka mbili. Diski mbili za 2018 ziliirahisisha kazi hiyo zaidi. Ulver, bendi ya Norwei, walikwisha kupita njia ya kutenganisha: Bergtatt ya 1995 ilichanganya vyote, Kveldssanger ya 1996 ikawa akustika tupu, na Nattens madrigal ya 1997 ikawa metali tupu yenye sauti chafu. Albamu zote tatu ni nzuri, ila ile ya kwanza ndiyo unayoweza kuiita blaki metali ya kiasili, kwa kuwa huwezi kuichambua nyuzi kutoka kwa nyuzi. The Rime of Memory imefika huko. Mada yake ni kumbukumbu, kuzeeka na majira ya baridi yanayopungua theluji, na mada kama hiyo inahitaji sauti zinazoyeyukiana. Wimbo wa dakika 20 unaopanda taratibu unaibeba vizuri kuliko nyimbo fupi zinazokatizana.

Hata hivyo, upande wa pili una hoja moja ambayo mbinu za studio hazitoshi kuijibu. Katika Kentucky, muziki wa kiasili ulikuja na watu wake. Maneno ya Reece yaliimbwa kwa sauti safi, ukayasikia neno kwa neno, ukajua nani anamgomea nani. Metali iliyofuata ikawa hasira yenye anwani. Jambo hilo lina uzito wa pekee katika fani hii, kwa sababu sehemu ya blaki metali ya kiasili ya Ulaya imetumia ngano na vyombo vya jadi kupamba utaifa wa damu na ardhi. Lunn, ambaye msimamo wake wa kushoto haujawahi kufichwa, alionyesha kwamba asili inaweza kuwa ya wafanyakazi. Fidla inapoyeyuka ndani ya magitaa, kinachobaki ni rangi ya huzuni. Huzuni hiyo ni ya kweli, ila haina tena wimbo ambao mtu anaweza kutoka nao na kuuimba barabarani.

Wapo pia wanaolalamika kwamba miksi, yaani mchanganyo wa sauti za vyombo, imejaa kupita kiasi. Hoja hii ni nyepesi zaidi. Albamu ya namna hii hudai spika zenye nafasi au hedifoni nzuri. Kwenye spika ya simu, ambayo hupoteza karibu kila kitu cha chini, kinachobaki ni matoazi na mayowe, na fidla huzama kati yao. Kwenye santuri mambo hubadilika tena: upande mmoja hubeba vizuri dakika 20 hivi, kwa hiyo wimbo mrefu kama ule hula upande mzima, na kadiri sindano inavyokaribia katikati ndivyo sauti za juu zinavyopoteza usafi. Wimbo unaoanza kwa utulivu na kuishia kwa matoazi mengi hukutana na udhaifu huo mahali pabaya zaidi. Anayetaka kuihukumu miksi aisikilize kwanza kwenye faili isiyobanwa.

Kama utunzi, hatua ya 2023 ni mbele ya Kentucky, na sioni sababu ya Lunn kurudi kwenye kupishanisha. Kilichopotea ni kidogo kwa kipimo: ubeti mmoja wa sauti safi, wenye maneno yanayosikika, uliowekwa pale ambapo dhoruba hutulia. Nafasi hizo zimo tele ndani ya dakika 75, na nyingi zimeachiwa gitaa la akustika peke yake.