Urefu Ule Una Kazi

"Mbwembwe tu hizo. Urefu wote ule wa nini?"

Kauli hiyo niliisikia kijiweni Tandahimba na imenikaa kooni hadi leo, kwa sababu aliyeisema si mtoto. Ni dereva wa bodaboda wa miaka mingi, mtu anayeijua barabara ya Mnivata hadi Newala shimo kwa shimo. Alikuwa anaitazama pikipiki, Yamaha Ténéré 700, niliyoiegesha kivulini chini ya mkorosho, tandiko lake likimfika karibu na kiuno. Mwenzake akadakia kwamba hiyo ni ya wazungu, wao wana miguu mirefu. Mwingine akaniuliza, "Bibi shamba, ikianguka utainyanyua na nani?" Hilo la mwisho ni swali la haki na nitalifikia. Lile la kwanza ndilo linalonikera, maana wanaoliuliza ndio hasa ambao urefu ule ungewaokoa.

Pikipiki si yangu. Mwenye nayo ni mgeni aliyetokea Msumbiji, akavuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, akaja kupumzika Mikindani. Mume wangu ni fundi, alimfungia mnyororo mpya na pedi za breki, urafiki ukaanzia hapo. Mimi nikaomba, na nikapewa funguo. Mtu kukukabidhi pikipiki ambayo bado ina safari ya kufika kwao ni heshima kubwa, nami niliiendesha kwa heshima hiyo hiyo.

Nianze na miguu, kwa kuwa ndiyo hoja ya kila mtu. Tandiko liko sentimita 87.5 kutoka ardhini. Mimi si mrefu. Nikikaa katikati, ni vidole tu vinavyogusa chini. Lakini pikipiki ikiwa inatembea haisimami kwa miguu yako, inasimama kwa magurudumu yake. Mguu unahitajika unaposimama, tena unahitajika mmoja. Unasogeza nyonga upande, unashusha mguu wa kushoto, wa kulia unabaki kwenye breki. Na unachagua pa kusimama: kando ya jiwe, kwenye kituta cha udongo, upande wa juu wa barabara iliyolala. Jicho huzoea kupatafuta lenyewe kabla hujafika. Dada zangu wa ugani, wauguzi na walimu mnaoambiwa kwamba pikipiki ndefu si saizi yenu, msikubali kabla hamjajaribu na mtu wa kuwashikia.

Kwenye lami, kutoka Mtwara mjini hadi Mnivata, kilomita 50, sina mengi. Unakaa wima, mabega hayaumi, kioo kidogo cha mbele kinakata upepo kifuani lakini si kichwani. Injini ni ya cc 689, mitungi miwili, inavuta tangu chini bila kukuhangaisha na gia. Lori la saruji ukilipita, umelipita. Basi.

Lami ikikatika ndipo pikipiki hii inapoanza kusema. Wakandarasi wapo kwenye kile kipande cha kwenda Tandahimba, Newala na Masasi, na siku lami itakapokamilika nitashukuru kama kila mtu. Lakini hata hiyo siku ikifika, nani anaishi kwenye lami? Mkulima wangu yuko ndani, kilomita kadhaa kutoka barabara kuu, kwenye njia ya mchanga yenye mizizi ya mikorosho na makorongo ya mvua ya mwaka jana. Hiyo ndiyo barabara ya Kusini. Lami ni mahali tunapopitia kwenda kwenye barabara zetu.

Sasa sikilizeni kazi ya urefu. Shokapu za mbele za Ténéré zinashuka na kupanda sentimita 21, za nyuma 20. Tumbo la injini liko sentimita 24 juu ya ardhi. Rimu ya mbele ni namba 21. Pikipiki nyingi za vijiweni zina rimu ya 17 au 18, na shokapu zake husafiri kama nusu tu ya hapo. Tandiko haliko juu ili uonekane. Liko juu kwa sababu chini yake kuna nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka, na chini ya hapo kuna nafasi ya jiwe kupita bila kugonga injini. Ondoa hiyo nafasi, tandiko litashuka, na kila shimo litahamia kwenye uti wa mgongo wako.

Tena si suala la starehe. Watu wakisikia shokapu wanafikiria raha, kama vile ni mto wa kukalia. Kazi ya kwanza ya shokapu ni kulibakiza gurudumu ardhini. Kwenye rafu rodi yenye mawimbi, gurudumu la pikipiki yenye shokapu fupi linarukaruka. Nusu ya muda liko hewani. Gurudumu lililo hewani halina breki, halina kona, halina chochote. Dereva anadhani anaendesha, kumbe amebebwa. Kwenye Ténéré nilisimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo, mikono legevu, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa miaka yote ya kazi: gurudumu la mbele linapanda na kushuka kwa fujo, na usukani mikononi mwangu umetulia. Rimu kubwa inaingia shimoni kwa mteremko wa taratibu na kutoka hivyo hivyo, wakati ndogo inatumbukia na kugonga ukingo. Nilipofunga breki pale kwenye mawimbi, pikipiki ilisimama. Ilisimama tu, bila kuyumba. Mimi niliyezoea kuanza kupunguza mwendo mita nyingi kabla, na bado nafika nikiwa nimeng'ata meno, nilitaka kulia.

Niliipeleka pia Msimbati, kwa sababu ukitaka kuijua pikipiki kwenye mchanga ndiko pa kuipeleka. Ukishapita Madimba, mchanga unakuwa mzito, na wengi wetu tunajua jinsi gurudumu la mbele linavyojikunja lenyewe na kukulaza chini kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hapa nilikuwa na woga wa haki, kilo 205 si mchezo. Siri ni kusimama, kutazama mbali, na kutofunga mafuta ghafla. Mgeni alizima ABS, ule mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge ukishika breki, kwa kitufe kabla sijaingia mchangani, kwa sababu kwenye ardhi legevu wakati mwingine unataka gurudumu la nyuma lijifunge. Usukani ulicheza kushoto na kulia kwa upole, ukajirudi wenyewe. Sikuanguka, wala sina haja ya kumringia mtu. Ninachosema ni kwamba mchanga ule ule, mimi yule yule, chombo kingine, na matokeo yakawa mengine.

Na ukiwa juu, unaona. Mbaazi na mihogo zikishafunga njia za kijijini, juu ya pikipiki fupi unaendesha ndani ya kichaka. Kutoka kwenye tandiko lile niliwaona watoto wenye madumu ya maji wakikaribia njia kabla hawajatokeza. Huku kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya kutafuta, watoto wenye madumu njiani ni jambo la kila asubuhi.

Hapo ndipo ninapomkasirikia mwenzangu wa kijiweni, na hasira yenyewe si kwake.

Kuna kijana wa jirani yetu, alikuwa na pikipiki ya mkataba. Alibeba abiria wawili, mtoto akakatiza, akashika breki ya mbele kwa nguvu kama ambavyo mtu yeyote angeshika. Gurudumu lilijifunga juu ya mchanga mwembamba uliotandazwa kwenye ardhi ngumu, pikipiki ikalala. Mtoto alipona. Kijana ana chuma pajani, mkataba ulikatika, pikipiki ikarudi kwa mwenyewe. Watu wakasema ni mwendo kasi, vijana hawasikii. Mimi nilifika pale, niliona alama ya tairi. Hakuwa na kasi. Alikuwa na breki ya ngoma ya kizamani, isiyo na njia ya kujua kwamba gurudumu limeacha kuzunguka.

Teknolojia ya kujua hilo ipo. Kwenye Ténéré ipo, kwa pesa nyingi, sawa. Lakini India, zinakotengenezwa nyingi za pikipiki tunazopanda hapa, tangu Aprili 2019 kila pikipiki mpya yenye injini inayozidi cc 125 ni lazima iwe na ABS, na zile za cc 125 kushuka chini ni lazima angalau breki zake ziunganishwe, ushike moja na nyingine isaidie. Ulaya walianza na modeli mpya za zaidi ya cc 125 mwaka 2016. Kwa hiyo kijana wa India anayenunua pikipiki ya cc 150 analindwa na sheria ya kwao. Kijana wa Tandahimba anayenunua ya cc 150 iliyotoka nchi hiyo hiyo mara nyingi anapata breki za ngoma mbele na nyuma. Mimi siwezi kulikubali hilo. Tuna Shirika la Viwango, tuna LATRA inayotoa leseni za bodaboda, tuna wabunge wanaopanda jukwaani kila uchaguzi na kuwaita vijana wa bodaboda jeshi lao. Ombeni hii moja. Reflekta tumeshavaa, kofia ngumu tumeshahubiriwa, semina tumeshakaa. Tupeni breki.

Najua jibu: bei. Ndiyo, Ténéré ni ghali, mkulima wa kawaida anunue ya nini, hata mimi mshahara wangu hauisogelei. Najua pia spea za kwake hazipo Mtwara, na tairi la namba 21 utaliagiza ukalisubiri. Na lile swali la kuinyanyua: ikianguka mchangani ikiwa imebeba mizigo, mnahitajika watu wawili. Mwenyewe nilionyeshwa namna ya kuigeuzia mgongo, kuinama kwa magoti na kuisukuma kwa miguu, niliweza kwenye ardhi ngumu, lakini peke yako porini kuelekea bonde la Ruvuma ni habari nyingine. Pikipiki ya kijiweni unainyanyua kwa mkono mmoja huku umeshika simu. Nalikubali hilo, ingawa kwa shingo upande.

Lakini sijasema tununue Ténéré. Nasema tuisome. Cc 689 hatuzihitaji. Tunahitaji miguu yake, yaani shokapu na rimu, na breki zake kwenye cc 150.

Na kabla hamjaniambia haiwezekani, waulizeni wastaafu wa ugani. Walipanda Yamaha DT 125 na Honda XL 125, ndefu, nyembamba, rimu kubwa mbele, tairi za kashata, madigadi yaliyoinuliwa juu ili matope yasigande. Mapadre walizipanda, wauguzi wa chanjo walizipanda, miradi ya wafadhili ilizipanda. Zilikuwa ndogo kwa injini na ndefu kwa miguu, na zilifika kila mahali. Leo Honda bado wanatengeneza XR 150L kwa mtindo huo huo, yenye diski mbele. Kilichobadilika ni kwamba biashara ya kubeba abiria ilipokuja, ilikuja na pikipiki zilizobuniwa kwa lami ya mijini, tandiko refu la watu wengi, shokapu fupi, bei ndogo, na sisi tukaziingiza mchangani. Zikatuzoesha maumivu ya mgongo hadi tukaona ndiyo maisha.

Wapo watakaosema barabara ndiyo itengenezwe, si pikipiki. Zote mbili. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, lami na madaraja yake, mabasi yakalala njiani. Anayeishi mikoa hii anajua kwamba barabara nzuri ya leo inaweza kuwa korongo mwezi ujao.

Mgeni wetu ameshaondoka, amepita Lindi akaelekea Kilwa. Mimi nimerudi kwenye pikipiki yangu ya kazi na sasa kila shimo nalisikia mara mbili.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa wauzaji wa pikipiki wa Mtwara na Masasi. Leteni pikipiki ndogo ndefu: cc 150, diski mbele, ABS ikipatikana, rimu ya 19 au 21. Leteni na spea zake, maana bila spea hakuna fundi atakayewaunga mkono. Na mje nayo Tandahimba au Newala kuanzia Oktoba minada ya korosho ikishafunguliwa, wakulima wakiwa na fedha mkononi. Muwaruhusu madereva wa vijiwe waijaribu kwenye njia ya mchanga, si mbele ya duka. Mimi nitakuja na maafisa ugani wenzangu, na yule kaka wa kijiweni nitamlipia mafuta ya kuijaribu.