Kasarani Ina Lango, Mkunguni Haina

Kila msimu wa siasa hatukosi mtu wa kuja kutuahidi uwanja wa kisasa hapa Lamu: majukwaa, taa, nyasi. Sipingi. Vijana wanaopiga mpira Twaif wamekula vumbi vya kutosha. Kinachonikera ni lile neno linalofuata, "wa matumizi mengi", kana kwamba Waamu hawajawahi kuuona.

Agosti 2025, Kenya ilipocheza na Morocco kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, tulijazana mkahawani kuangalia Kasarani, uwanja mkubwa wa Nairobi, kwenye runinga. Ogam wa Kenya alipofunga, kahawa yangu ilimwagikia kikoi cha jirani. Timu yetu ikamaliza mechi na wachezaji kumi, na bao lile moja likatosha. Kelele zilipotulia, mzee yule mwenye kikoi kilicholowa akaniuliza, "Mwanangu, na siku isiyokuwa na mpira, pale huwa pana nini?"

Nilianza kumhesabia. Kasarani ilijengwa kwa msaada wa China, ikafunguliwa 1987 kwa Michezo ya Afrika, ikiwa na viti vya watu 60,000, bwawa la kuogelea na ukumbi wa ndani. Mwaka 2017 ilipokea vijana wa riadha wa dunia walio chini ya miaka 18, na Novemba ya mwaka huohuo Uhuru Kenyatta akaapishwa pale muhula wa pili. Ruto naye aliapia hapohapo Septemba 2022. Aprili 2014 watu waliokamatwa kwenye msako wa polisi mtaani Eastleigh, Nairobi, wengi wao Wasomali, walifungiwa humo. Nalo ni tumizi. Uwanja wenye ukuta na lango hauna kazi ngumu kugeuka korokoro.

Lakini swali la mzee nilikuwa sijalijibu. Alitaka kujua ya Jumanne mchana, siku ambayo hapaapishwi mtu.

Jumanne mchana Mkunguni pana watu. Uwanja huu ulio mbele ya Ngome ya Lamu umepata jina lake kwa mkungu, ule mti ambao watoto hugonga kokwa zake kwa mawe wapate kula kiini. Ngome yenyewe ilianza kujengwa 1813, baada ya Waamu kuwashinda watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa kule Shela, ikamalizika 1821. Baadaye ikafanywa gereza, na wafungwa hawakutolewa hadi 1984. Miaka yote hiyo, hatua chache nje ya ukuta, watu waliuza samaki, wakapiga porojo, wakangojea adhana. Leo ndani ni makumbusho, na ngazi zake ndizo jukwaa letu. Tiketi hakuna.

Pakiwa na tamasha la utamaduni, hapo huchezwa kirumbizi, vijana wakichapana bakora kwa mdundo wa ngoma na zumari, na mashindano ya bao yakaendelea kivulini. Mbio za punda hukimbiwa pwani, za majahazi baharini, kwa hiyo uwanja wetu una matawi mpaka majini. Maulidi yakifika, zefe zinapopita na matari kuelekea msikiti wa Riyadha, mji mzima huwa uwanja. Wanasiasa nao huja na vipaza sauti vyao, tukawavumilia, kisha jioni wazee wakarudi penye kete zao.

Kwa hiyo ahadi yangu ya kura ni hii, ikiwa kuna anayeitaka: wajengeeni vijana kiwanja cha mpira, chenye nyasi, vyoo vinavyofanya kazi na maji ya kunywa. Kiiteni kiwanja cha mpira, basi. Msilete michoro ya kuizungushia Mkunguni ua wa chuma kwa jina la usalama, wala msiikate miti ili jukwaa la wageni waheshimiwa lionekane vizuri. Kivuli kile hakina mkandarasi wa kukirudisha.

Mzee nilimjibu kesho yake, nilipomkuta anacheza bao. Nikamwambia Kasarani siku isiyo na mpira huwa na askari na lango. Hakuinua kichwa. Punda mwenye mawe ya matumbawe mgongoni alipita katikati ya watazamaji, wote wakasogea kumpisha, naye mzee akatumia nafasi ile kuiba kete mbili.