Mfamasia akariri, au afungue kitabu?

Ubishi huu hauishi katika vyuo vya famasia: mwanafunzi akaririshwe dozi, madhara na miingiliano ya dawa, au afundishwe kutafuta taarifa haraka na kwa usahihi? Walimu wengi wanataka kichwa kilichojaa. Wanafunzi nao wanauliza kwa nini wapimwe kwa kumbukumbu ilhali kazini watakuwa na mwongozo wa dawa kwenye simu.

Nianze na wanafunzi, maana wana hoja nzito. Maarifa ya dawa huchakaa. Chukua kodeini. Kwa miaka mingi watoto waliotolewa mafindofindo walipewa kodeini ya kutuliza maumivu, na aliyesoma wakati huo alijua dozi yake kwa kilo bila kutazama popote. Kisha ikabainika kwamba miili ya baadhi ya watoto huigeuza kodeini kuwa mofini, dawa kali zaidi ya maumivu, kwa kasi na kwa wingi mno. Wapo waliolala wasiamke, kwa dozi iliyokuwa ya kawaida kabisa. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitaka isitumike tena kwa watoto baada ya upasuaji huo. Mfamasia aliyefuzu kabla ya hapo, akaamini kichwa chake tu, angeendelea kuitoa, tena kwa kujiamini. Kadiri alivyokariri vizuri ndivyo alivyokuwa hatari zaidi.

Sasa njoo dirishani. Kinaletwa cheti cha daktari: methotrekseti miligramu 10, kutwa mara moja, mwezi mzima. Mgonjwa ana vidole vilivyovimba kwa baridi yabisi. Jina la dawa ni sahihi, miligramu 10 si ajabu, saini ipo. Kosa limejificha kwenye neno moja, “kutwa”. Kwa baridi yabisi dawa hii humezwa mara moja kwa wiki. Ikimezwa kila siku huharibu uboho na kuchubua mdomo hadi utumbo, na watu wamekufa hivyo. Mwongozo unalisema jambo hili waziwazi, lakini nani ataufungua? Foleni ni ndefu, na mtu hatafuti jibu la swali ambalo halijamjia. Kitakachouzuia mkono wa mfamasia usihesabu vidonge ni kile kilichokuwa kichwani mwake kabla mgonjwa hajafika.

Kuna wanaosema kompyuta itatoa onyo. Itatoa, ila hutoa pia kwa mambo madogo madogo kutwa nzima, mpaka mtumiaji anazoea kubonyeza “endelea” bila kusoma.

Kwa hiyo mimi ningegawa. Dozi ya kila antibayotiki kwa kila umri ibaki kitabuni, na mtihani wake ufanywe vitabu vikiwa wazi. Kichwani ziingie dawa ambazo kosa dogo tu linaua: methotrekseti, warfarini ya kuzuia damu kuganda, insulini, digoksini ya moyo, jamii ya mofini. Na kila moja iingie na sababu yake, kwa kuwa sababu hukaa kuliko namba. Anayeelewa kwamba antibayotiki metronidazoli hulizuia ini lisiivunje warfarini, damu ikazidi kuwa nyepesi, atashtuka hata kwa dawa mpya yenye tabia hiyo hiyo.

Lakini liko jambo ambalo pande zote mbili zinalipita haraka, nalo linaniuma zaidi: kusoma chanzo chenyewe. Mwaka 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapa barua ya sentensi 5 ya Jane Porter na Hershel Jick. Walisema kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za jamii ya mofini, wanne tu ndio waliothibitika kupata uraibu. Wagonjwa hao walikuwa wamelazwa hospitalini. Miaka iliyofuata barua ikanukuliwa kama ushahidi kwamba hata anayemeza dawa hizo nyumbani miezi na miezi hana la kuogopa. Uchambuzi wa mwaka 2017 katika jarida hilo hilo ulikuta nukuu 608, na zaidi ya asilimia 80 hazikutaja kwamba watu wale walikuwa wamelazwa. Kufikia hapo Marekani ilikuwa ikizika kila mwaka maelfu ya watu waliouawa na dawa za jamii hiyo.

Barua ile husomwa kwa dakika moja. Natamani kila mwanafunzi wa famasia awekewe mezani kabla ya kufuzu, apewe kalamu, aandike: wagonjwa hawa walikuwa wapi, walitumia dawa kwa muda gani, na nani aliwafuatilia walipotoka?