Kabla ya injini, nunua shokapu

Kila kijana anayeleta bagi, yaani gari jepesi la wazi la kukimbia vumbini, gereji kwetu huanza na habari za injini. Turbo ipi, ile ya kusukumia injini hewa zaidi, itaingia, nguvu za farasi ngapi zitaongezeka. Mimi huinama kutazama magurudumu ya nyuma, maana hapo ndipo nilipoona watu wakiumia.

Mabagi mengi yamejengwa juu ya chesisi ya Volkswagen Beetle, na yana sifa yake. Mwaka 1967 Vic Wilson na Ted Mangels walishinda mbio za jangwani za Mexican 1000, kutoka Tijuana hadi La Paz huko Meksiko, kwa bagi aina ya Meyers Manx. Zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa 27 na dakika 38. Piga hesabu: wastani haufiki kilomita 50 kwa saa. Leo mtu anataka 140 kwenye vumbi, na huku chini kila kitu ni kilekile.

Ekseli ya nyuma ya Beetle za zamani ina kiungo kimoja tu kila upande, kwenye gia boksi. Bagi likiruka tuta, magurudumu yananing'inia na kujikunja kwa ndani. Likitua katikati ya kona, linapinduka. Volkswagen wenyewe walibadilisha: Beetle za Marekani za modeli ya 1969 zilikuja na viungo viwili kila upande. Tafuta hiyo. Ukiikosa, funga mikanda ya kuzuia magurudumu yasishuke mno, na tafadhali usiliinue bagi juu kuliko kimo chake cha kawaida.

Halafu wengi hukaza springi. Springi ngumu kupita kiasi inalirusha tairi, na tairi lililo hewani halishiki breki wala kona. Anayetuliza ni shokapu, kwa kugeuza mtikisiko kuwa joto. Siku moja, baada ya mizunguko minne ya matuta, niliigusa shokapu ya nyuma nikauondoa mkono upesi. Dereva alikuwa akilalamika kwamba bagi linadunda kama mpira. Mafuta ndani yalishakuwa povu. Tulifunga zenye gesi ya kuzuia povu na chupa ya pembeni ya mafuta. Injini hatukuigusa, na muda wake kwa mzunguko ulishuka.

Matairi ni suala fupi: soma ubavuni herufi ya mwendo wa juu kabisa wa tairi. Q, kwa mfano, ni kilomita 160 kwa saa. Tairi la matope lenye meno marefu linayumba kwenye ardhi ngumu, hata likiwa jipya.

Breki zinanikosesha usingizi zaidi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, joto la kusimama huwa mara nne, na breki za dramu hulifungia ndani. Weka disiki pande zote nne. Lakini bagi lina uzito nyuma, kwa hiyo disiki kubwa za mbele peke yake zitafunga magurudumu ya mbele na usukani utakosa kazi; weka valvu ya kugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Badilisha pia mafuta ya breki, kwani hunyonya unyevu na kuchemka mapema. Kisha nenda mahali pa wazi, simama mara kumi mfululizo kutoka kilomita 100 kwa saa. Kama pedali inazama mguuni, turbo isubiri.