Saa ya otomatiki ikisimama usiku, usikubali kubadilishiwa mashine haraka

Saa ya baba ilianza kunisumbua mwezi wa sita, wakati ule baridi ya Mbeya inakata mpaka mtu hutaki kutoa mkono kwenye koti. Naivua saa tatu usiku naiweka mezani, nikiamka kumi na moja naikuta imesimama kwenye saa nane na dakika zake. Naitikisa, inatembea, kesho yake hivyohivyo. Ni Seiko ya Kijapani ya zamani, ile ya otomatiki, baba aliivaa miaka yote aliyofanya kazi TAZARA na siku anastaafu akanipa mimi, kwa hiyo mniwie radhi nikiwa mkali kidogo humu.

Fundi wa kwanza alifungua mfuniko wa nyuma, akachungulia kama nusu dakika hivi, akasema mashine imekufa, lete elfu ishirini na tano nikuwekee ya betri haitakusumbua tena. Jamani, hilo ndo linaloniuma. Saa ngapi za wazee wetu zimeng'olewa mashine nzima namna hiyo, kumbe zilikuwa zinahitaji kuoshwa tu? Mtu anaambiwa imekufa na yeye hajui aulize nini, anatoa hela, mashine ya zamani inabaki kwenye kopo la fundi, basi imeisha hiyo.

Cha kuuliza ni kimoja tu: saa inashindwa kutembea, au inashindwa kujijaza? Ni vitu viwili tofauti kabisa. Ndani kuna springi iliyojiviringisha kwenye kikopo chake, hiyo ndo nguvu ya saa, na saa nyingi za aina hii springi ikijaa inatembea kama masaa arobaini hivi bila kuguswa. Halafu juu yake kuna kile kichuma cha nusu mwezi, rota, kinachozunguka ukitembeza mkono ndo kinajaza springi. Rota ikigoma, springi inaweza kuwa nzima kabisa ila haipati chakula.

Nilikuja kuelewa hili kwa mzee mmoja pale Mwanjelwa, ana meza ndogo na kisanduku cha kioo, basi. Nikamwamkia, shikamoo mzee wangu, akaitikia marahaba huku keshanyoosha mkono kuipokea saa. Saa yangu haijazwi kwa kuzungusha kile kichwa cha pembeni, kwa hiyo alifungua nyuma akazungusha skrubu ya juu ya kikopo cha springi kwa bisibisi, polepole, mpaka ikajaa, akafunga. Akaniambia mwanangu usiivae, iweke mezani, uandike itakaposimama. Hiyo ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, ikaja kusimama usiku wa kuamkia Jumatatu kama saa saba. Masaa thelathini na tisa! Mashine iliyoambiwa imekufa hiyo.

Nikarudi nayo, akatoa rota na kunipa lenzi nijionee mwenyewe. Chini yake kuna mkono mdogo wenye kucha mbili, mmoja unavuta meno ya gurudumu na mwingine unasukuma, kwa hiyo rota iende kulia iende kushoto springi inajazwa tu. Seiko walianza na mfumo huu 1959 na mimi naona ni akili kubwa kwa vipande vichache vile. Sasa zile kucha zangu zilikuwa zimezama kwenye utomvu wa kahawia, mzito kama asali iliyoganda, na nyuzinyuzi za nguo ndani yake. Mzee akanusa, akasema haya mafuta ya cherehani. Kuna mtu huko nyuma aliyaweka kwa nia njema, yakakauka, yakakamata vumbi, kucha zikawa zinateleza badala ya kung'ata. Aliosha vyote, akaweka tone dogo sana kwenye mhimili, na kwenye ncha za kucha hakuweka kitu, akasema pale pakavu ndo panang'ata.

Kama yako inajazwa kwa mkono kipimo ni rahisi zaidi, ijaze usiivae uhesabu masaa. Na ukiwa unaijaza ukaona rota nayo inazunguka kama feni, magurudumu ya kugeuza, yale yanayopeleka mzunguko wa rota kwenye springi, yameganda uchafu, mwambie fundi aanzie hapo. Ukisikia inakwaruza ukiitikisa, kaangalie ndani ya mfuniko kama kuna alama ya nusu duara inayong'aa, hapo rota imelegea inasugua.

Ila pia tujiangalie sisi. Baba alikuwa anatembea kutwa nzima relini, mimi nakaa kwenye kiti toka asubuhi mpaka jioni nachapa watu barua, mkono hauendi popote. Saa nzima kabisa inaweza kulala kwa hilo tu. Ikisimama ichezeshe taratibu kushoto kulia kama nusu dakika, usiitingishe kama chupa ya dawa.

Wiki iliyopita nilishuka Tukuyu kumwona baba. Akaivua mkononi mwangu mwenyewe, akaiweka sikioni, akakaa kimya kidogo. Akaniuliza nimempa fundi shilingi ngapi. Nikasema elfu kumi na tano, baba. Akasema ukipita tena Mwanjelwa mpelekee na ndizi.