Mapema Bado, Shemeji

Shemeji yangu ana ugonjwa usio na dawa: Chicago Cubs, timu ya besiboli. Alihamia Chicago timu ikiwa haijaonja ubingwa tangu mwaka 1908, akakaa kusubiri pamoja na wenyeji. Mwaka 2016 walipolichukua kombe alilia mpaka dada akadhani kuna msiba Tanga. Mtu aliyekula ukame wa miaka 108 humtishi na mechi kumi za Aprili. Ukimwambia timu inapigwa, jibu lake ni moja: "Mapema bado, shemeji. Mechi ziko 162."

Mimi ni mtu wa Simba. Kwetu sare mbili tu, mitaani watu wameshamfungia kocha mabegi.

Jumamosi moja ya Aprili akaniambia nivae twende Wrigley Field, uwanja wao, eti majira ya machipuko yameingia. Kilichochipuka siku hiyo ni makamasi yangu. Nyuzi joto zilikuwa 4, na upepo wa Ziwa Michigan ulikuwa unaingia uwanjani bila tiketi. Ule ukuta wao una mimea inayotambaa, ilipandwa mwaka 1937, na kwenye picha za kiangazi ni kijani kinachopendeza. Aprili ni kamba kavu tupu, kama ua wa nyumba ya mtu aliyehama.

Tulikaa kwenye mabenchi ya nje, nyuma ya ukuta, ambako viti havina namba: anayewahi ndiye anayekaa mbele. Basi tukawahi, saa mbili nzima kabla ya mchezo, kana kwamba baridi ingeisha tukichelewa. Nilivaa suruali mbili, makoti mawili, na juu ya kofia ya sufu nikajizungushia kikoi, nikabaki macho. Nayo yalikuwa yanatoka machozi.

Kulia kwangu alikaa mzee mmoja mwenye glavu zilizokatwa vidole, karatasi yenye vyumba vyumba gotini na penseli sikioni. Kila kinachotokea uwanjani anakiandika. Akanionyesha kwa upole: kila nafasi ina namba yake, mrushaji ni 1, mdakaji nyuma ya mpigaji ni 2, hivyo hivyo mpaka 9. Anayeboronga anaandikiwa herufi E na namba yake. Wa 7 akiuangusha mpira, ni E7, na dhambi hiyo haifutiki. Nikaitikia kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa umeganda.

Mwezi ule wapigaji wetu walikuwa na gundu. Walivyokuwa wakiukosa mpira, ungesema gongo hawakulishika, wameinywa. Shemeji akanielewesha kwamba anayefanikiwa mara tatu kati ya kumi ni mfalme.

"Yaani anakosea mara saba na analipwa mamilioni?"

"Ndiyo."

"Mimi kazini nikikosea mara mbili naitwa ofisini. Na huyu wetu mkubwa, anayepiga wa nne?"

Akakohoa. "Mara 32, amepata 4. Ni baridi, shemeji. Hewa nzito, mpira hauendi. Ukiugonga vibaya mikono inatetemeka mpaka kwenye meno."

"Na hawa wapinzani wetu wa St. Louis wanacheza kwenye baridi ipi?"

Akageuka kuangalia ubao wa matokeo, ule unaobadilishwa namba kwa mkono mpaka leo, kama mtu aliyeitwa.

St. Louis ndio watani wa jadi. Kwenye zamu ya tatu mmoja wao akaupiga mpira ukavuka ukuta, pointi kwao, ukatua kwenye mabenchi yetu. Kijana aliyeudaka hakuuweka mfukoni. Watu wote wakaanza kumzomea "Urudishe! Urudishe!" akautupa uwanjani, wakamshangilia kama bwana harusi. Shemeji akaniinamia: "Mila ya hapa. Mpira wa mtani hauingii nyumbani. Ukikuangukia, rudisha papo hapo, usifikirie."

Usifikirie. Hilo nililishika vizuri.

Zamu ya sita nilikuwa nimejikunyata, kikoi kimeshuka mpaka puani, chokoleti ya moto katikati ya viganja, nahesabu vidole vya miguu nijue vimebaki vingapi. Nikasikia "paa!" Watu wote wakasimama wakipiga kelele. Juu ya ule ukuta kuna kapu la waya, liliwekwa mwaka 1970 kuwazuia mashabiki wasirukie uwanjani, na mpira ukitua humo unahesabiwa umevuka. Huu ulikuja chini chini, chini ya upepo, ukatua kwenye kapu mbele ya magoti yangu. Nikamwaga chokoleti, nikainama, nikauopoa. Mgumu kama jiwe, mishono myekundu inakwaruza vidole. Kelele zilikuwa zinapasua anga, na mimi kelele nilikuwa ninajua maana yake.

Sikufikiria. Nimekulia chini ya miembe, kutupa najua. Ulikwenda sawasawa, ukadunda mara moja miguuni kwa mlinzi wa kushoto.

Alivaa kijivu. Wageni ndio wanaovaa kijivu. Sasa kama wageni wanalinda, anayepiga ni nani?

Mabenchi yote yakanyamaza. Nilisikia bendera zikipepea. Yule jamaa wa mara 32 alikuwa anazunguka vituo, mkono juu, mpira wake wa kwanza kuvuka ukuta tangu msimu uanze, nami nimewapelekea St. Louis. Shemeji akavuta kofia usoni, akasogea benchi kidogo, akamwambia jirani yake kwa Kiingereza kwamba hatufahamiani.

Kisha mtu nyuma akaanza, wakamfuata wote: "Urudishe! Urudishe!" Safari hii walikuwa wanamwimbia mlinzi wa St. Louis. Jamaa akauokota, akautazama, akanitazama, akacheka mpaka akainama. Halafu akaurusha kwetu. Nikanyoosha mikono miwili iliyoganda, ukapita katikati, ukatua kwenye kapu lile lile.

Shemeji ndiye aliyeuopoa. Akaukalia.

"Shemeji," nikamwambia, "umeingia kapuni mara mbili. Si tuhesabiwe mbili?"

Hakujibu. Baada ya muda akautoa, akaanza kuhesabu mishono, kana kwamba St. Louis wamechomoa mmoja. Huwa iko 108, na humwambii kitu kwamba idadi hiyo ni bahati tu.

Tulipigwa. Ikapandishwa bendera ya kushindwa, ya bluu yenye L nyeupe, watu wakaanza kushuka ngazi wakipuliza viganja. "Mara 33, amepata 5," shemeji akasema, mara hii akiniangalia. "Nilikwambia mapema bado."

Mzee wa kulia alikuwa anakunja karatasi yake. Kabla hajaimaliza akainyoosha mbele yangu na kunionyesha kwa ncha ya penseli. Kwenye chumba cha zamu ya sita, pembeni, kwa mwandiko safi, alikuwa ameandika E10.